Nani Huyu: shajara ya mradi wa kuzielewa namba fupi za meseji

Siku ya 1

Mradi umeanza kwa simu ya Mama. Salio lake linapungua na yeye hajapiga wala hajaandika. Kila asubuhi, kabla hata chai haijachemka, inaingia meseji kutoka namba ya tarakimu tano tupu. Jana akanikabidhi simu.

"Mwanangu, huyu mtu kila kukicha ananiandikia. Nikimpigia hapatikani. Ndiyo adabu gani hiyo?"

"Mama, huyo si mtu."

"Si mtu, ni nani?"

Nikababaika. Nilijua ni namba fupi, zile zinazotumika kupigia kura, kuchangia misaada na kupokea namba za siri za benki. Ila nani yuko nyuma yake, kwa nini haipigiki, inakulaje salio la mtu anayepokea tu, na unajitoaje, hayo sikuweza kuyaeleza bila kuzungukazunguka. Miaka yote hii naandika programu za kompyuta, halafu swali la Mama likanikalisha kimya.

Kwa hiyo nimeamua. Programu ndogo, jina la muda "Nani Huyu". Unaipa orodha ya waliokutumia meseji, nayo inakueleza kila mmoja ni wa aina gani, anajibika au hajibiki, anaweza kukutoza au hawezi, na mlango wa kutokea uko wapi. Nimejipa wikendi mbili.

Siku ya 3

Nimehamisha meseji za Mama kwenye kompyuta, kwa ruhusa yake na kwa sharti moja: za dada zake sizisomi. Sharti la haki. Mstari wa kwanza wa programu unatupa maneno yote ya meseji zilizotoka kwa watu aliowahifadhi kwa jina, unabakiza wageni tu.

Kanuni yangu ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Tarakimu kumi kwenda juu, simu ya mtu. Tatu hadi sita, namba fupi. Herufi, jina la kampuni. Ilidumu nusu saa. Namba za dharura nazo ni fupi, na 112 inapigwa kwa sauti bila shida yoyote. Marekani namba fupi zina tarakimu 5 au 6, lakini Australia zipo hata za tarakimu 8, ambazo ukiziangalia haraka unaona simu ya mezani. Na kuna watu wanaohifadhi namba za ndugu bila msimbo wa nchi, ikabaki kipande.

Halafu kuna zile za nyota na reli. Mwenzangu ninayeshirikiana naye kwenye mradi alitaka tuziingize kwenye orodha, maana watu wengi nazo wanaziita namba fupi. Nimekataa. Hiyo ni USSD, kitu kingine kabisa: ni mazungumzo ya papo kwa papo kati ya simu na mtambo, kila ukurasa wake hauzidi herufi 182, na ukifunga hakuna kinachobaki kwenye sanduku lako. Meseji ya namba fupi inahifadhiwa, inasubiri simu iliyozimwa, na kesho unaweza kuitoa kama ushahidi. Tumebishana kidogo, kisha akakubali.

Siku ya 6

Leo nimeelewa nilikuwa nakosea wapi tangu mwanzo. Nilikuwa naichukulia namba fupi kama namba ya simu iliyokatwa mkia. Sivyo.

Nimeifuata safari ya meseji hatua kwa hatua. Ukimwandikia rafiki, simu yako haimtafuti rafiki. Inaikabidhi meseji kwa kituo cha meseji, mtambo wa kampuni yako ya simu ambao anwani yake imehifadhiwa kwenye laini yako. (Nilichomeka modemu ya USB yenye laini, nikaiandikia amri AT+CSCA? na ikanijibu namba ya kituo: ndefu, yenye msimbo wa nchi, ya kawaida kabisa.) Kituo kinapokea, kinaweka, kisha kinaiuliza rejista ya mtandao: mwenye namba hii yuko upande gani sasa hivi? Kikijibiwa, kinapeleka. Simu ikiwa imezimwa, kinangoja na kujaribu tena.

Meseji ikielekea namba fupi, hilo swali la "yuko upande gani" haliulizwi. Kituo kinatazama jedwali lake: tarakimu hizi tano, pitisha njia ile. Mwisho wa njia kuna seva ya mtoa huduma, au ya kampuni ya katikati inayowauzia watoa huduma wengi njia moja. Hakuna laini pale. Hakuna kifaa cha kulia. Mama akipiga hapati mtu kwa sababu barabara ya sauti haikuwahi kuchimbwa, imechimbwa ya maandishi peke yake.

Namba za simu za kawaida zinafuata mpango wa dunia nzima unaoitwa E.164: msimbo wa nchi kwanza, jumla zisizidi tarakimu 15, na kila moja ni ya pekee popote ulipo. Namba fupi haimo kwenye mpango huo. Ni lakabu. Nyumbani kila mtu anajua "Kadogo" ni nani. Toka nje ya lango uulizie Kadogo, utaonyeshwa watoto kumi.

Ili nione kwa macho, nimesimamisha kwenye kompyuta programu ya kuigiza kituo cha meseji. Lugha wanayozungumza kituo na seva ya mtoa huduma inaitwa SMPP. Toleo la 3.4, la mwaka 1999, ndilo lingali linatumika kuliko yote. Meseji inapoingia kwa mtoa huduma inaitwa deliver_sm, na ndani yake mna vitu vichache tu vya kueleweka na binadamu: source_addr, namba ya mwandishi, dest_addr, namba fupi aliyoiandikia, short_message, maneno yenyewe. Yaani mtoa huduma haoni jina lako wala sura yako. Anaona namba yako na maneno yako.

Kuna pia tarakimu moja inayotaja aina ya namba. 1 ni ya kimataifa, 2 ya ndani ya nchi, 3 ya mtandao wenyewe, 5 ni jina la herufi, 6 ni iliyofupishwa. Nikashangilia: 6! Kipimo hicho hapo. Nikafungua miongozo ya kuunganisha seva ya kampuni kadhaa. Moja inataka namba fupi iandikwe 6, nyingine 3, nyingine 0, maana yake "haijulikani". Shangwe ikaishia hapo, nikarudi kuhesabu tarakimu.

Siku ya 9

Jedwali letu lilikuwa na safu mbili: namba, mwenye namba. Limevunjika.

Kwanza, tarakimu zilezile tano ni za shirika la misaada nchi hii na ni za vichekesho vya kulipia nchi jirani. Hilo nililitarajia baada ya habari ya Kadogo. Nisilolitarajia ni kwamba hata ndani ya nchi moja, namba moja inaweza kuwa na wapangaji wengi. Wanatofautishwa na neno la kwanza la meseji: ukiandika KURA unakwenda kwa huyu, ukiandika MCHANGO unakwenda kwa yule. Mlango mmoja, vyumba vingi. Ubaya wake ni ule wa nyumba ya kupanga yenye mlango mmoja: mpangaji mmoja akifanya fujo, mtandao unafunga mlango na wote wanalala nje. Ndiyo sababu kubwa mitandao ya Marekani imekuwa ikiziondoa namba za kushirikiana, kila mtoa huduma awe na yake.

Safu sasa ni nne: nchi, mtandao, namba, neno. Nchi tunaipata bila kumuuliza mtu. Ndani ya kila laini kuna namba ya utambulisho inayoanza na tarakimu tatu za nchi: 310 Marekani, 208 Ufaransa, na kadhalika. Programu inasoma hizo tatu na kuchagua ukurasa.

Mwenzangu amegundua kwamba hatukuwa wa kwanza kuumia hivi. Android, tangu toleo la 4.2 la mwaka 2012, inaisimamisha programu iliyomo kwenye simu yako ikijaribu kutuma meseji kwenda namba fupi inayoweza kukutoza zaidi. Ili ijue ni ipi, imebeba faili lenye mstari mmoja kwa kila nchi: namba fupi za hapa zina umbo hili, za kutoza umbo hili, za bure ni hizi. Faili hilo liko wazi kwa yeyote kulisoma. Tumelala nalo usiku mzima.

Swali lililoulizwa na rafiki aliyeko safarini: je, namba fupi ya nyumbani inafanya kazi ugenini? Ukiwa na laini ya nyumbani, mara nyingi ndiyo, maana meseji yako bado inakabidhiwa kwa kituo cha nyumbani, na kule jedwali linaijua lakabu. Ukibadilisha laini ukaweka ya wenyeji, umekuwa mgeni.

Siku ya 10

Hakuna kazi leo. Umeme.

Siku ya 12

Nimetumia siku nzima kusoma historia badala ya kuandika msimbo, na sijutii.

Meseji ya kwanza kabisa ilitumwa tarehe 3 Desemba 1992, Uingereza. Neil Papworth, mhandisi, aliandika salamu za Krismasi kwenda kwenye simu ya Richard Jarvis wa Vodafone. Kinachonivutia ni kwamba aliandika kwenye kompyuta, kwa kuwa simu za wakati ule hazikuwa na namna ya kuandika. Jarvis hakuweza kujibu. Basi meseji ya kwanza ilifanana zaidi na hizi zinazomsumbua Mama kuliko meseji ya mtu na mtu: mashine inasema, binadamu anasoma.

Mwanzoni kila mtandao ulijipangia namba fupi zake. Tangazo moja lingehitaji kusema "wa mtandao huu andika hapa, wa mtandao ule andika pale", na msikilizaji ameshasahau. Marekani walianzisha sajili moja ya mitandao yote mwaka 2003, na hapo ndipo namba fupi ikawa kitu cha kutajwa redioni. Ufupi wake kazi yake ni hiyo: mtu aisikie mara moja, aibebe kichwani mpaka aifikie simu. Wengine hununua tarakimu zinazoandika neno kwenye vitufe, 2 ikiwa ABC, 3 DEF, na kuendelea.

Mfano ninaoukumbuka mimi ni tetemeko la Haiti la Januari 2010. Msalaba Mwekundu wa Marekani ulitangaza: andika HAITI kwenda 90999. Kila meseji ilikuwa mchango wa dola 10, ulioongezwa kwenye bili ya simu ya mchangiaji. Zilipatikana zaidi ya dola milioni 32 kwa njia hiyo. Neno moja na tarakimu tano, bila fomu, bila kadi ya benki. Nguvu ileile, kila nikifikiria, ndiyo iliyomfikia Mama asubuhi: neno moja limetosha kufungua pochi.

Siku ya 15

Tumempata aliyemjibu.

Namba fupi, kwa habari ya pesa, ziko za namna tatu. Za bure kwa mtumiaji. Za bei ya meseji ya kawaida. Na za bei ya juu, ambazo sehemu ya pesa inabaki kwa mtandao na sehemu inakwenda kwa mtoa huduma. Hizi za tatu zinaweza kukutoza unapotuma, au, na hapa ndipo watu wengi wanaponaswa, unapopokea. Umeshajiunga, basi kila meseji inayoingia inakata. Kuizima simu si dawa. Meseji inangoja kituoni.

Desturi njema ni kumuuliza mtu mara mbili. Anaomba kujiunga, anajibiwa "una hakika? jibu NDIYO", anathibitisha. Hivyo swali letu lilikuwa: Mama alithibitisha lini? Anaapa hajawahi. Tukarudi nyuma kwenye sanduku, miezi mitatu, na hii hapa. Meseji iliyoingia inauliza kama angependa kupata mawaidha ya afya kila siku, ajibu NDIYO. Chini yake, jibu la Mama:

"Ndiyo nani mwenzangu"

Nimecheka mpaka nikaona aibu. Kwa Mama hayo ni maungwana. Umeitwa, umeitika, umeuliza anayeita. Kwa seva ni neno la kwanza, na neno la kwanza ni NDIYO. Yaliyobaki seva haikuyatazama.

Nimeandika mfano wake kwenye kompyuta ili nihakikishe. Gawa meseji palipo na nafasi, chukua kipande cha kwanza, kigeuze herufi kubwa, linganisha. Mistari minne. "Ndiyo nani mwenzangu" inajiunga. Nikajaribu "Ndiyo, nani mwenzangu", yenye mkato: kipande cha kwanza kinakuwa "NDIYO," na mkato wake, hakilingani, hajiungi. Kwenye seva niliyoiandika mimi, mkato mmoja ungemwokolea Mama miezi mitatu ya salio. Nimemweleza. "Kwa hiyo kosa ni la mkato?" akasema, na kwa namna alivyolisema sikuendelea.

Siku ya 17

Kujitoa.

Alishajaribu, maskini. Kwenye sanduku la zilizotumwa tumekuta: "Tafadhali naomba mnitoe sina haja tena ahsanteni". Jibu la mashine: neno halitambuliki. Siku mbili baadaye: "Nimesema naomba mnitoe". Neno halitambuliki.

Marekani mitandao inadai STOP itambuliwe na kila namba fupi, pamoja na ndugu zake kama CANCEL, END na QUIT, na HELP irudishe maelezo ya nani anaongea. Ni utaratibu mzuri, ila umesimama juu ya dhana kwamba mtu anajua neno. Asiyejua neno anaongea kama anavyoongea na binadamu, na katika Kiswahili ombi la heshima halianzi na kitenzi cha amri; linaanza na "tafadhali", "samahani", "naomba". Kila mwenye adabu anafeli kwenye kipande cha kwanza.

Neno sahihi la huduma ya Mama tulilikuta kwenye meseji ya kwanza kabisa ya makaribisho, mwishoni, baada ya kiungo kirefu. Tumelituma peke yake, bila salamu. Jibu limekuja papo hapo: umeondolewa. Kesho yake asubuhi ikaingia moja tena, na moyo ukanidunda, lakini inaelekea ilikuwa imeshapangwa kwenye foleni kabla. Tangu hapo kimya.

Kwa Nani Huyu nimeongeza kazi mpya: ikikuta namba fupi, inatafuta meseji ya kwanza kutoka namba hiyo na kuvua neno la kujitoa, kisha inaliandika juu kabisa. Kuliko yote tuliyoyafanya, hiki ndicho nadhani kina faida. Hayo mengine ni udadisi wangu.

Zilizotumwa kwa jina la herufi hazina tiba hiyo. Jina halizidi herufi 11, kwa sababu nafasi ya anwani ndani ya meseji ni baiti 10, yaani biti 80 (biti ni sifuri au moja, na nane ni baiti), na herufi za biti 7 zinaenea 11 tu. Na jina halijibiki: hakuna tarakimu za kurudishia. Hapo programu inasema "huyu hasikii, tafuta namba ndani ya meseji yake", nayo ikiikuta inaionyesha.

Siku ya 20

Uamuzi mkubwa. Watu kama Mama hawatapakua programu. Itabidi Nani Huyu nayo ipatikane kwa meseji: unatuandikia namba inayokusumbua, tunakujibu.

Mwenzangu, kwa haraka yake: tukodi namba fupi! Nimeuliza utaratibu. Maombi, maelezo ya huduma, mfano wa kila meseji utakayotuma, maneno ya kujiunga na kujitoa, kisha kila mtandao unakagua kivyake na kufungua njia kivyake. Ni kazi ya wiki nyingi, na kodi ni ya kila mwezi upate meseji moja au laki moja. Faida yake ni kasi, maana namba fupi inasukuma meseji nyingi kwa sekunde, bila kuchujwa kama takataka. Sisi hatuna wa kumsukumia. Tutajibu mtu mmoja mmoja.

Basi mradi wa kueleza namba fupi utatumia namba ndefu: laini ya kawaida ndani ya modemu ya USB, kwenye meza yangu. Mwenzangu anaona ni aibu. Mimi naona imetulia.

Siku ya 21

Siku nzima nimeipoteza kwa alama moja.

Jibu letu la kawaida lina herufi 148, limo ndani ya meseji moja yenye nafasi 160. Leo jibu mojawapo limetoka likiwa meseji tatu. Nimehesabu tena: 148. Nimekagua modemu, nimekagua laini, nimewasha na kuzima. Tatu.

Mkosaji alikuwa ng'. Jibu lilikuwa na neno "ung'amue", na mwenzangu aliliandika kwenye programu ya kuandikia barua, ambayo kwa ukarimu wake hugeuza alama iliyonyooka ' kuwa iliyopinda ’. Machoni hazina tofauti. Kwa meseji tofauti ni kubwa. Mzigo wa meseji moja ni baiti 140, sawa na biti 1120. Herufi za kawaida za GSM ni biti 7 kila moja: 1120 kwa 7 ni 160. Iliyonyooka imo katika hizo. Iliyopinda haimo, na herufi moja isiyomo inailazimisha meseji yote ihamie herufi za biti 16: 1120 kwa 16 ni 70. Meseji ikizidi hapo inakatwa vipande, na kila kipande kinatoa baiti 6 za kuandika "mimi ni wa pili kati ya watatu", kinabaki na 67. Mbili zinabeba 134. Sisi tuna 148. Hivyo tatu, na mtumaji analipia tatu.

Kiswahili kimebahatika kwa hili. Herufi zake zote zimo kwenye biti 7, haina vitone juu wala mikia chini, hivyo Mswahili anapata 160 zake kamili pale ambapo Mwarabu na Mchina wanapata 70. Ila ng' imekaa kama mtego katikati ya njia. Nimeandika mstari unaonyoosha kila alama iliyopinda kabla meseji haijaondoka, na nimepitia maneno yetu yote: ng'oa, ng'ombe, kung'ata. Mabano ya mraba na yale ya mawimbi tumeyafuta pia. Yamo, lakini kila moja linahesabiwa mbili.

Alama ya @ nayo ina kisa. Kwenye orodha ya GSM ndiyo ya kwanza, thamani yake ni sifuri. Programu nyingi huichukulia sifuri kuwa mwisho wa maneno. Kwa hiyo anwani ya barua pepe ikipita kwenye seva iliyoandikwa ovyo, inakatika hapo hapo kwenye @. Kwenye kiigizo changu imekatika mara ya kwanza tu nilipojaribu.

Siku ya 24

Tumegombana, mimi na mwenzangu, juu ya neno "salama". Alitaka programu iweke alama ya kijani kwenye namba tunazozijua. Nimepinga, na bado napinga.

Jina la mtumaji ni maandishi tu. Pasipo na ukaguzi mkali, mtu anaweza kujiandikia jina la benki yako. Na simu hupanga mazungumzo kwa kufuata hilo jina. Meseji ya tapeli inakaa chini ya meseji za kweli za benki, uzi mmoja, kama mtu aliyeingia msibani akaketi na wafiwa. Namba fupi ni ngumu zaidi kuigiza, kwa kuwa njia yake inafunguliwa na mtandao kwa mkataba, lakini ngumu si haiwezekani. Tukiweka kijani, siku moja kijani hicho kitamponza mtu. Tumekubaliana programu iseme kile tu inachokijua: "namba hii, kwa mtandao wako, imeandikishwa kwa fulani". Ukiombwa namba ya siri au kubonyeza kiungo, inasema usifanye, hata mwandishi awe nani.

Siku ya 27

Ripoti za kufika zinafanya kazi. Foleni inafanya kazi. Kutambua STOP, ACHA, TOA, na "tafadhali naomba mnitoe" inafanya kazi: tunasoma meseji nzima, si kipande cha kwanza. Kumwunga mtu hatumwungi kwa lolote, hivyo hakuna wa kunaswa.

Wikendi mbili zangu zimekuwa wiki nne.

Siku ya 28

Nimemwandikia Mama namba ya modemu kwenye karatasi. Akaisoma, akaihesabu tarakimu kwa kidole.

"Hii ndefu."

"Ndefu, Mama. Ukipata meseji usiyoijua, andika ile namba yake utume hapa. Utajibiwa."

Akaenda chumbani. Nikakaa mbele ya kompyuta nikiangalia dirisha la modemu, kusubiri meseji yake ya kwanza iingie. Ikapita dakika moja, mbili. Halafu kwenye dirisha ikatokea:

RING

RING

+CLIP: na namba ya Mama.

Sikuwa nimeandika mstari hata mmoja wa kupokea simu.